Watoto Wanne, Seti Moja ya Ngoma

Shangazi, shikamoo. Nisaidie maana nimekwama, mimi ni mwalimu wa ngoma katika shule ya muziki, nafundisha vijana wa jazi, na muhula huu nikawaingiza kwenye midundo ya Kikuba yenye asili ya Afrika, ile ambayo mguu una lake, mkono wa kulia una lake, na wa kushoto hautaki kusikia la mtu, basi tumehangaika, kwa sababu wamezoea kuuyumbisha mdundo kijazi, kila wakianza vizuri wanarudi kulekule, na mimi hufundisha kwa mdomo, naimba kila sehemu mpaka waishike, sasa wiki iliyopita mafua yakanikausha sauti kabisa, nikataka kuahirisha somo, ndipo binti tunayemwita Kimya akasema, "Mwalimu, wewe pumzika tu, sisi tunakumbuka," akachukua kengele, mwenzake akakalia kiti cha seti ya ngoma akashika ngoma ya mguu, wa tatu akabanana pembeni kwenye ngoma ndogo, wa nne akagonganisha vijiti, na shangazi, mdundo ukakaa! Ulikaa hasa, hadi mhasibu wetu, ambaye hacheki na mtu, akasimama mlangoni akitikisa mabega, nami nikalia kwa shukrani, maana kila mmoja alikuwa ametunza kipande cha nilichokuwa nawaimbia. Sasa mkuu wa shule kawaona, anasema seti hupigwa na mtu mmoja, wazazi watatucheka kwenye onyesho la Jumamosi, nichague mmoja, na hakuna anayeuweza peke yake kwa sasa, isitoshe huko ulikotoka mdundo huu ulipigwa na kundi, huyu na kengele, yule na ngoma, kuukusanya kwenye seti kulikuja baadaye, lakini mkuu ni mkuu, na watoto bado sijawaambia, wanafanya mazoezi huku wanacheka, nifanyeje?

Mwalimu wa ngoma

Marahaba, mwalimu. Pole kwa mafua, na hongera, maana wapo waliofundisha mpaka wakastaafu bila kuonja siku kama hiyo. Lakini nawe! Unaniandikia kwamba mdundo ulipigwa na kundi, halafu unaniuliza mimi, nisiyejua hata kushika kijiti, kama watoto wanne ni aibu? Jibu unalo. Unachoogopa ni kwenda kulisema ofisini.

Mkuu wako si mtu mbaya, anaogopa kuchekwa. Usibishane naye. Mwite darasani, mpe kiti, wampigie. Kisha mweleze kwamba Jumamosi utasimama mbele ya wazazi, useme mdundo umetoka wapi na kwa nini wapigaji ni wanne. Aking'ang'ania mmoja, mwambie kwa heshima kwamba huna wa kumchagua, mdundo huo usubiri onyesho jingine. Na usithubutu kukalia kiti cha ngoma wewe mwenyewe ukidai unawaokoa.

Halafu kuna jambo limeniudhi. Umelia mbele yao, umenisimulia mimi shukrani zako zote, lakini sijaona mahali ulipowaambia wenyewe. Mtoto akimwona mwalimu wake analia anaweza kudhani amekosea. Kwa hiyo kesho, kabla hujagonga mlango wa mkuu, waite wale wanne, umwambie kila mmoja asante kwa jina lake, na umweleze alichokufanyia. Hata wakikatazwa kupiga, hilo hakuna atakayewanyang'anya.