Shauri langu na kadi ya Mama Neema

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, Kasenga yote ni matope, na leo sina hamu ya kumchekesha mtu.

Wanaonisoma hapa mtandaoni wananijua kwa mambo madogo: namna ya kuamsha simu iliyoganda, kwa nini neno la siri lisiwe jina la mume, na yule mjomba anayepiga kelele kwenye simu ya video kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya ziwa. Tangu vita vishuke bondeni nimeendelea kuandika hayo hayo. Nilijiambia kwamba watu wanahitaji kucheka. Labda ni mimi niliyehitaji.

Asubuhi nilifungua kibanda changu cha kuchapa barua na picha. Wa kwanza kuingia alikuwa mama mmoja aliyelowa mpaka mabegani. Mama Neema. Alikimbia kutoka Katogota, sasa anakaa Rugenge kwa dada yake. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa kadi ya memori, ndogo kama ukucha.

Neema alikuwa mtoto wake wa pekee. Walikimbia pamoja. Risasi ilimpata binti njiani, na mama akamzika kando ya barabara akisaidiwa na watu asiowajua. Picha za Neema na sauti zake zote zilikuwa ndani ya kadi hiyo.

"Sasa iko bule, haina kitu," akaniambia. "Ni minye mwenyewe niliifuta."

Majuma mawili yaliyopita simu yake ilianza kulalamika kwamba kadi ina kasoro, ikamuuliza kwa Kifaransa kama aisafishe. Hakujua ajibu nini. Ndipo akakumbuka kitu ambacho Neema alimsomea zamani kutoka mtandaoni, wakacheka wote wawili jikoni: kadi ikinuna usiibembeleze kama mchumba, bonyeza ndiyo, ifute yote, itarudi mpya.

Maneno hayo ni yangu.

Niliyaandika haraka haraka, nikafurahi kuona watu wanayatumiana. Sikuongeza sentensi moja tu: hamisha kwanza vitu vyako mahali pengine. Niliona ingeharibu utani.

Sikumwambia. Niliichomeka kadi kwenye kompyuta, nikaanzisha programu ya kutafuta vilivyofutwa. Kitu kikifutwa hakiondoki papo hapo. Hubaki mahali pake mpaka kingine kije kukikalia. Basi nikamuuliza kama aliweka kitu chochote baada ya kufuta. Ndiyo, nyimbo za kwaya, nyingi, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno.

Hata hivyo niliiacha programu iendelee kutafuta.

Tulingoja mpaka karibu saa sita, bega kwa bega kwenye benchi, mvua ikipiga bati. Sauti haikurudi hata moja. Zilirudi picha tisa, nane zikiwa kijivu tupu. Ya tisa ilikuwa na kipande cha juu tu: kitambaa cha njano, paji la uso, mwanzo wa nyusi. Chini ya hapo, kijivu.

"Ni yeye," Mama Neema akasema. Akaweka kidole kwenye kioo, akakishusha polepole. "Na macho iko wapi, mwanangu?"

Hapo nilishindwa kuficha. Nikamwambia kwamba yale waliyocheka jikoni niliyaandika mimi.

Aliondoa kidole kwenye kioo, akanigeukia.

"Ni weye?" akasema. "Neema alikupenda sana. Alikuwa anasema, huyu muntu angekuwa jirani yetu."

Heri angenitukana.

Nilimchapia kile kipande cha picha. Alikitazama, akakikunja ndani ya kitenge, akasimama. Mlangoni akarudi, akaniwekea kadi kiganjani na kunifumba vidole kwa mikono yake miwili.

"Utafute tena. Weye unajua hizi vitu."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Nilijua hakuna kilichobaki. Nikaipokea. Hilo ndilo linalonichoma zaidi ya yote, kwamba baada ya kumwambia ukweli mmoja sikuweza kumwambia wa pili.

Alipoondoka niliufuta ule utani wangu, nikaandika bila mchezo: kadi ikigoma, itoe, usiweke kitu chochote juu yake, mpelekee mtu anayejua. Na sura za watu wako, ziweke mahali pawili, leo hii, wangali hai. Msomaji mmoja ameshauliza kile kichekesho kimekwenda wapi.

Kesho, mvua ikikatika, nitapanda pikipiki mpaka Rugenge nikamrudishie kadi yake na kumwambia kwamba nimetafuta na sitapata. Jioni yote nimekuwa nikijaribu namna ya kulisema. Ninaanza na "Mama," halafu maneno yananiishia.