Sifa Kabla ya Muswada

Jumanne, 3 Juni

Spika kanipigia simu mwenyewe. Ijumaa, kabla Bunge halijavunjwa, wabunge watanishukuru kwa utumishi wangu. Miaka thelathini na moja si mchezo, kasema. Nikauliza: na muswada wangu? Upo kwenye ratiba, Shangazi, ondoa wasiwasi, utafuata baada ya shukrani. Shangazi! Siku hizi wote wananiita hivyo, hata wanaonipinga. Nimezeeka.

Alhamisi, 5 Juni

Jirani yangu Ismenia kaniletea shelisheli la kuchoma, na roho juu. Aliishi na Octave bila ndoa tangu ujana wao, kama nusu ya kisiwa hiki. Octave kafa, kaka zake wanataka nyumba. Jumatatu hakimu anaamua. Muswada ukipita kesho, Ismenia anabaki kwake. Usipopita, anatolewa nje na sufuria zake. Kasema kesho atakuja bungeni akae juu, kwenye roshani ya wageni, amefunga kilemba chake cha madrasi, kile kitambaa cha miraba. Nimemwambia kura zipo. Zipo kweli.

Ijumaa, 6 Juni — bungeni

Naandika hapa hapa kitini. Wanasifu tangu asubuhi. Waziri kaniita mama wa taifa — yeye aliyeukwamisha muswada huu mara mbili. Huyo namwelewa. Lakini wenzangu! Theodora kalia. Lucien kasimulia kampeni yangu ya kwanza, na punda, na mvua, na punda tena, hadi nikatamani kumfinya. Wananipenda. Mungu wangu, wananipenda mno.

Saa kumi Bunge linavunjwa, na muswada usiopigiwa kura unakufa nalo. Tisa na nusu imeshapita.

Nimesimama kuomba nafasi. Spika katabasamu. "Shangazi, miaka yote umesema wewe. Leo kazi yako ni kusikiliza." Ukumbi mzima kicheko. Nikakaa. Nikampelekea Lucien kikaratasi: waambie waache, muswada! Kakitia mfukoni bila kukisoma, kanipulizia busu.

Machozi yananitoka kwa hasira. Theodora kanipa leso, kasema lia tu, umestahili furaha hii.

Dakika chache zimebaki. Wote wamesimama, makofi hayaishi. Kule juu Ismenia anapiga kuliko wote, kilemba kimemwendea upande, analia na kucheka. Anadhani umepita! Ananipungia mkono. Nami nampungia, sijui nifanye nini kingine. Wanakaa. Spika anasema bado kuna mmoja wa kunishukuru, naye ameomba asikatizwe —