Udi kwenye Postikadi za Bi Doroti

Columbia Heights, Marekani, Jumatano

Kwako dada yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Mguu umepoa, ama bado wakusumbua ukiinama? Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi, ila roho yangu haijatulia tangu Ijumaa, na sina wa kumwambia ila wewe.

Nilikwambia kwenye simu habari ya jirani yangu wa mlango wa pili, Bi Doroti, yule mzee wa Kimarekani aliyekuwa mwalimu. Ndiye aliyenitia ugonjwa wa kukusanya postikadi kuukuu zenye picha za skuli za huku, za zama za bibi zao: matofali mekundu, ngazi pana, kengele juu ya paa. Mwanangu Rukia hunicheka, "Mama, wanunua picha za skuli zilizobomolewa zamani!" Mwache acheke. Mimi niliyetolewa darasa la tatu, nikizitazama hujiona napanda zile ngazi.

Basi Bi Doroti akaniazima albamu yake niitazame kwa raha zangu. Ameijaza tangu ujana wake, na Jumamosi hii aipeleka mji wa Eagan, wakusanyaji wenziwe waiamue kama yastahili tuzo. Siku ya kuirudisha nikawaza: kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Sasa kwenye albamu nitie nini, wali? Nayo ilikuwa yanuka uvundo wa kabati. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikatia na ule udi ulionitumia, nikaifunika albamu juu yake kama nguo za bi harusi. Nikaifukiza ukurasa kwa ukurasa, dada, kwa mapenzi.

Nikampelekea mlangoni kwake, mimi na Rukia. Alipoifungua tu, uso ukambadilika. Akainusa. "Kwako kumeungua?"

"Hapana, ni manukato. Ni heshima."

Rukia akanivuta mkono. "Mama, moshi kwenye karatasi za zamani? Kwao huku ni kuziharibu!"

Bi Doroti akaikumbatia albamu yake, akafunga mlango.

Tangu hapo nikibisha haitiki. Nilimwekea mahamri mlangoni, nikayakuta yamekauka palepale. Nikajua nimempoteza, na katika jengo hili zima hakuna mwengine aniitaye ndani nikanywe kahawa.

Jana akabisha yeye. Nikataka kumshika mikono, akairudisha nyuma.

"Nimezianika dirishani, harufu haitoki."

"Chukua postikadi zangu zote, Bi Doroti. Wallahi chukua."

"Zako sizitaki. Jumamosi utakuja nami. Watanusa, watauliza. Mimi sitajibu. Utajibu wewe."

"Kwa Kizungu changu hiki cha kuokoteza?"

"Kwa chochote ulicho nacho. Lakini utasimama hapo kando yangu."

Akaenda zake. Dada, sijui nimesamehewa ama nimeshtakiwa. Rukia anifundisha maneno ya kusema, nikikosea hukuna kichwa, "Taratibu, Mama, hakuna anayekufukuza." Lakini wale wote ni walimu na wasomi, nami nitasimama mbele yao kueleza udi. Nimemwambia Bi Doroti nitakwenda. Heri niaibike kando yake kuliko kukaa salama huku mlango wake umefungwa.

Niombee ulimi usinigande.

Mbusu mama mikono kwa niaba yangu. Nisalimie shemeji na cherehani yake, na shangazi aliyetulea, mwambie dawa asiache.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaisha