Jina Kwenye Shamba la Kona

Kibomet, Kitale
12 Machi 2007

Dada Nasambu,

Natumaini waraka huu unakukuta mzima, na kwamba miguu ya mama pale Kabuchai imepunguza kuuma. Mimi na mke wangu Chepkorir hatujambo. Nimetumia karatasi kwa sababu simu ungeikata, lakini karatasi hata ukitaka kuichana utaisoma kidogo kwanza.

Uliponiambia nisikanyage kwenu tena, sikukanyaga. Siku Wangila alipolazwa nilifika mpaka geti la hospitali, nikarudi.

Shida yangu ni hii. Mpima ardhi mmoja hapa Kitale amenipa kazi. Anataka programu ya Windows inayochora mashamba ya ile skimu ya kugawa ardhi kule juu mlimani, na ukibonyeza shamba, jina la mwenyewe litokee ndani yake. Anasema watu wakiiona mipaka kwenye kioo watatulia. Nimekwama mahali pawili. Kwanza, majina yanatoka kama Kichina. Nimeandika Kimaiyo, jina la mzee wangu, ambaye amepewa shamba la kona kando ya mto, na kioo kinachora vijumba na mikwaruzo. Pili, mistari inafutika. Nikileta dirisha lingine juu ya ramani kisha nikiliondoa, pale lilipopita panabaki peupe.

Kodi, yaani maandishi ya programu, iko kwenye flashi ndani ya bahasha. Chuoni wewe ndiye uliyekuwa ukitutoa matopeni. Nisaidie, hata kwa matusi.

Ndugu yako,
Bethwel

&nbsp;

Bungoma
20 Machi 2007

Bethwel,

Mimi mzima. Miguu ya mama inauma vilevile.

Kwa kuwa uliishia getini, acha nikuonyeshe ulichokikosa. Wangila alipanda mlimani kumsaidia dada yetu Phelista kuvuna mahindi. Vijana wa msitu, wale wanaowawinda waliopewa mashamba ya skimu, wakamkuta shambani, wakamlaza kifudifudi, mmoja akamkalia shingoni, mwingine akamkata sikio la kulia kwa kisu cha jikoni cha Phelista mwenyewe. Kisha wakamwambia alitafune. Alilitafuna, Bethwel, maana bunduki ilikuwa kichwani. Nawe ukanipigia simu kuniambia ati hao ni watoto wa watu, wamepotezwa na njaa ya ardhi. Sikio liko tumboni mwa ndugu yangu, nawe unaniletea habari za njaa. Ndiyo maana nilikufukuza, na sijafuta neno.

Sasa kodi yako, ambayo ni aibu. Faili lako la majina ni la mtindo wa zamani, kila herufi imekalia kiti kimoja. Windows ya siku hizi inataka kila herufi ikalie viti viwili. Kompaila, inayoitafsiria mashine kodi yako, ilikugombeza, wewe ukaweka (LPCWSTR) mbele ya jina ili inyamaze. Hujabadilisha kitu hapo, umeifunga mdomo tu. Inabeba herufi mbili za mzee Kimaiyo na kuzisoma kama moja, ndipo unapata Kichina. Toa huo uchafu. Ita MultiByteToWideChar, kibadilisha herufi cha Windows, mara mbili: mara ya kwanza uiulize nafasi inayotosha, mara ya pili ibadilishe.

Na mistari, umeichora ndani ya kitufe. Windows haikumbuki ulichochora. Dirisha likifunikwa, picha imekwenda, nayo inakuomba uchore upya. Basi chora ndani ya OnPaint, kila inapoombwa. Kitu unachotaka kibaki, lazima ukichore tena na tena.

Phelista naye yumo kwenye ramani hiyo? Na nani mwingine ataiona?

Nasambu,
dada yake Wangila

&nbsp;

Kibomet, Kitale
2 Aprili 2007

Dada Nasambu,

Salamu kwako, kwa mama na kwa Wangila. Hapa tunaamka, tunashukuru.

Imekubali. Majina yanatoka sawasawa na mistari haifutiki hata nikirundika madirisha juu yake. Mzee aliposhuka Kitale nilimwonyesha shamba lake. Alipoona jina lake ndani ya mipaka alivua kofia, kisha akarudi kwao kuwatangazia majirani kwamba mwanawe ndiye anayeichora skimu nzima. Phelista yumo, shamba la tatu kutoka mtoni. Ataiona mpima ardhi peke yake. Nakala yako, pamoja na majina, nimeitia kwenye flashi uone ulichokiponya.

Jumapili trekta ilishuka kutoka mlimani ikapita hapa Kibomet na mzigo chini ya turubai. Nikadhani ni mahindi, mpaka upepo ulipofunua miguu ya watoto.

Kuhusu Wangila, nilisema upumbavu siku ile. Unisamehe au usinisamehe, nimekiri.

Ndugu yako,
Bethwel

&nbsp;

23 Aprili 2007

Mpendwa Mwalimu Nasambu,

Natumaini u mzima na mama anatembea vizuri. Natumaini pia masikio ya Wangila, yote mawili, yamepona na anasikia bila taabu. Mimi ni mzima kabisa. Niko kazini mahali penye hewa safi, ninakula na kushiba.

Nimepata tatizo jipya ambalo sijawahi kukuuliza. Ninatengeneza ramani ya mashamba. Majina yanatoka kama Kichina, na mistari inafutika dirisha likipita juu yake. Wenye kazi wana haraka, wanataka majina yaonekane. Tafadhali niandikie hatua zote kwa maneno mepesi, maana kuna kijana hapa aliyesomea kompyuta kidogo na atasoma pamoja nami. Jibu liache kwenye kaunta ya magari ya matatu pale Kimilili. Kuna mtu atalichukua.

Wenye kazi wanasema jibu lisipofika, kazi yangu itakwisha.

Mwanafunzi wako,
Bethwel

&nbsp;

Bungoma
25 Aprili 2007

Mwanafunzi wangu Bethwel,

Nimefurahi kusikia unakula na kushiba. Sisi hatujambo. Wangila anasikia kwa masikio yote mawili, hata mambo ambayo hayajasemwa.

Tatizo lako ni jipya kweli, lakini nimewafundisha wengi. Weka (LPCWSTR) mbele ya kila jina. Kompaila ikinyamaza, ujue umefaulu. Mistari ichore ndani ya kitufe. OnPaint usiiguse kabisa, itaharibu kila kitu.

Majina hayatatokea papo hapo. Mashine lazima iyazoee. Iwashwe asubuhi, izimwe jioni, betri iwe imejaa, kwa siku nne. Anayekuharakisha mwambie kwa adabu kwamba akiikatiza, mtaanza upya. Na wenye kazi wakutunze mikono. Hii ni kazi ya mikono.

Mwalimu wako,
Nasambu

&nbsp;

Bungoma
25 Aprili 2007

Ndugu Bethwel,

Hii haiingii kwenye bahasha ya Kimilili. Itakaa chini ya godoro langu mpaka nijue uko wapi. Nimeiandika kwa sababu nisipokwambia ukweli mahali fulani leo, nitapasuka.

Hali yako sikuulizi, nimeijua. Ulichosema hujawahi kuniuliza nilikujibu mwezi uliopita, ukanishukuru. Na mtu mwenye akili zake hawezi kuniulizia masikio mawili ya Wangila. Hapo nikajua umeshikwa, na kwamba kila unachoandika kinasomwa. Wamesikia habari za ramani. Majina ya waliopewa mashamba kila mtu anayajua. Wanachokosa ni kujua nani analala wapi, waende mlango kwa mlango.

Basi nimekuandikia uongo mtupu, kila hatua kinyume cha ile niliyokufunza, na utaufuata neno kwa neno. Nakala yako nzima ninayo. Nimemwonyesha Wangila kila shamba kwenye kioo. Kituoni polisi wameniambia gari halina mafuta, kwa hiyo kesho tunapanda wenyewe na trekta ya jirani. Tunaanza na Phelista, kisha ukingo wote wa mto, pamoja na mzee wako.

Wangila amekataa niende bila yeye. Ninaogopa sana, Bethwel. Usife.

Dada yako,
Nasambu

&nbsp;

Wodi ya wanaume, Kitale
9 Mei 2007

Dada Nasambu,

Natumaini nyote mko wazima. Mwandiko huu usikushangaze, vidole vitatu vimefungwa kwenye vijiti.

Walikuja Kibomet mchana kweupe, wakanibeba na laptopu yangu. Mpima ardhi walikuwa tayari wamemfunga. Alijigamba kwa watu kuhusu ramani, nao wakasikia. Kule msituni alianza kuwatajia sheria, mmoja akampiga panga la shingo kabla hajamaliza sentensi. Halikumaliza kazi. Walimwacha akikoroma hadi jua likatua, mimi nikiwa nimeketi karibu yake nikiambiwa niandike kodi. Nilirudisha uchafu wote ulioniambia niutoe, nikawaonyesha Kichina, nikasema ni mwalimu wangu tu anayejua dawa.

Barua yako ilipofika yule kijana wao aliisoma mara mbili, akatikisa kichwa kama profesa. Tukafuta, tukaweka upya, kompaila ikanyamaza, akashangilia. Nilitamani kucheka. Siku nne tuliilea ile mashine kama mtoto. Siku ya tano Kichina kilikuwa palepale. Kijana wao walimpiga kwanza, akafa papo hapo. Kisha wakaja kwangu na nyundo. Kila shamba walilobonyeza walivunja kidole.

Kwenye kidole cha tatu mkubwa wao akaniambia nimpe nyumba moja tu, ili ajue kama nina faida. Akagusa shamba la kona. "Hapa analala nani?"

Nikasema Kimaiyo.

Nilimpa lile kwa sababu ndilo nililojua liko tupu. Nilijua umeelewa. Kama kuna mzee mmoja mlimani ambaye usingemwacha, ni wangu. Walinikata sikio la kushoto nisije nikawasahau, wakanifunga mtini, wakashuka. Waliporudi walikuwa wakitukana, ati ukingo wote wa mto ni nyumba tupu. Nilicheka na mdomo umejaa damu. Kuhusu ile ya kona hawakusema kitu. Kesho yake askari walifyatua risasi, wao wakakimbia, mimi nikabaki na kamba zangu.

Chepkorir anasema mzee anapumzika kwenu Kabuchai. Mwambie mwanawe amemtaja kwa sababu alijua hayupo. Atacheka, namjua. Umwambie polepole, hasikii vizuri.

Ndugu yako,
Bethwel

&nbsp;

Kabuchai, Bungoma
14 Mei 2007

Ndugu yangu Bethwel,

Natumaini vidole vinaanza kushika. Mama anakusalimu. Phelista na watoto wako hapa, na majirani zake wote wa ukingo wa mto wako kanisani Kimilili, wanalala sakafuni, wako hai. Humo ndani ya bahasha kuna barua nyingine, niliyoiandika ukiwa msituni. Isome baadaye.

Chepkorir alinisihi nisikwambie mpaka utoke wodini. Nimejaribu, nimeshindwa. Wewe hukunificha kitu, hata msituni.

Mzee Kimaiyo hayuko Kabuchai. Tulimfikia wa pili, baada ya Phelista. Alikuwa amekaa mlangoni anakoboa mahindi. Nilimwambia apande trekta. Akanicheka. Akasema, "Wewe msichana wa Wanjala, si kijana yangu ndiye anachora hii ramani? Nani ataguza boma yangu?" Wangila akavua kofia akamwonyesha pale palipokuwa sikio. Mzee akasema pole sana, lakini yeye haendi.

Basi nikamwambia ukweli, kwamba umeshikwa na wanakudai majina. Nilifikiri atapanda. Aliinuka, akaingia ndani, nikajua anachukua blanketi. Akatoka na kiti, akakiweka mlangoni, akakikalia. Akasema, "Kama wako na yeye, siku moja atawatoroka. Atakimbilia wapi kama si hapa?"

Nilimvuta mkono. Wangila alimbeba kabisa, mzee akampiga kwa fimbo. Trekta ilikuwa imejaa watoto, jua linashuka, dereva anapiga honi. Tukamwacha.

Walimkuta kwenye kiti. Walimkata kwa panga, kisha wakachoma nyumba. Sitakupambia wala sitakueleza zaidi. Nilirudi na Wangila askari walipopita, tukamwosha mimi na yeye. Kaburi alilichimba Wangila peke yake, alikataa mtu kumshikia jembe. Liko pale kona, juu kidogo ya mto.

Najua unachosema sasa hivi kitandani. Usikiseme. Uliokoa ukingo mzima wa mto kwa vidole vitatu na sikio, na mzee alikaa mlangoni kwa sababu alikuwa anakungoja. Waliomwua ni wale waliomwua. Sina njaa ya ardhi ya kuwatetea nayo, na najua sasa wewe pia huna.

Wangila anasema wewe umebaki na la kulia, yeye la kushoto, kwa hiyo mkikaa pamoja mtasikia kama mtu mmoja. Amesema mwenyewe, sikumtuma. Atakuja Jumamosi kukuchukua. Utakanyaga kwetu, Bethwel, na kitanda kimetandikwa.

Jana niliwasha mashine nikafungua programu yako. Nilibonyeza shamba la kona. Jina lilitoka vizuri, herufi zote. Nikaleta dirisha lingine nikalifunika jina, nikalia kidogo, kisha nikaliondoa. Kimaiyo alikuwa bado yupo.

Dada yako,
Nasambu