Mashine Inayojiendea

Kamachumu, 4 Machi 2024

Mwanangu Gosbert,

Hujambo huko Kiseke? Sisi wazima, ni mgongo wangu tu. Binti yako Rebeka, jino la mbele lililong'oka limeota tena. Simu siisikii vizuri, ndiyo maana nampa kondakta wa basi barua.

Tulipomzika mkeo Paskazia, uliondoka siku ya tatu. Matanga hayajaanuliwa, tunakungoja wewe mwenye msiba. Shangazi zako bado wanalala chini. Njoo kabla ya Pasaka.

Mama yako

Kiseke, 18 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Hapa hotelini kando ya ziwa wameleta mashine ya kukatia nyasi inayotembea yenyewe. Injini huzungusha mkanda. Nikibana chuma cha kwenye mshikio, mkanda unakaza na giaboksi inasukuma magurudumu ya nyuma. Nikiachia, mkanda unalegea, magurudumu yanasimama huku injini ikinguruma. Kuna chuma cha pili, hicho nikikiachia injini yenyewe inazima.

Kazi yangu ni kuifuata tu. Naifuata kutwa nzima, sifikirii kitu. Tangu mazishi sijalia, mama, wala sisikii uchungu. Mvua zimeanza na nyasi zinaota kweli kweli, siwezi kuja.

Mwanao Gosbert

Kamachumu, 2 Aprili

Gosbert,

Habari za kazi? Pasaka imepita. Barua yako nimesomewa mara mbili, lakini mimi sikukuuliza habari za mashine. Watu wa matanga wana mashamba yao. Nitawazuia hadi Jumamosi tarehe 20, basi.

Mama yako

Kiseke, 22 Aprili

Mama, shikamoo.

Jumamosi hiyo hiyo nilifunga vyuma vyote viwili kwa mpira wa tyubu, nikakaa kivulini. Mashine ikajiendea, ikashuka mteremko hadi ziwani. Ningekimbia hatua kumi ningeiwahi. Nilikaa naiangalia. Ilipozimika majini ndipo nikalia, nikamwita Paskazia mbele ya wageni.

Wamenifukuza. Nakuja Ijumaa. Nataka kuanua matanga ya mke wangu, nawaomba mningoje.

Mwanao Gosbert

Kamachumu, 24 Aprili

Mwanangu,

Pole sana. Matanga tulianua Jumamosi. Rebeka alikaa mahali pako, akanyolewa kwa niaba yako, akatulia kama mtu mzima. Shangazi zako wameshaondoka.

Wewe njoo. Lakini ukifika na kilio, usiingie ndani kwanza, pitia migombani kwenye kaburi ulilie huko. Mtoto nimemwambia msiba umekwisha.

Mama yako