Busaa ya Siku ya Palizi

Mama yangu mkwe,

Huu ni mwaka wa pili tangu tukulaze hapa nyumbani Karungu, na bado nikipoza maji nakusikia ukiniambia nisiwe na haraka.

Nilipoolewa kwenu, miaka ile ya tisini, sikujua Dholuo na wewe hukujua Kikuria. Tulibaki na Kiswahili cha sokoni, kila mmoja akikivunja kwa upande wake. Ukaniuliza, "Nyar Kuria," yaani binti wa Kikuria, "wewe unajua kutengeneza busaa?" Nikasema najua kupika pombe hiyo ya unga. Mama, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na kwetu hata kimea hakikuingia mlangoni. Lakini bibi harusi wa mwezi mmoja atasemaje hajui?

Ukaniachia kazi, ukaenda kushinda sokoni na samaki wako. Ilikuwa busaa ya saga, siku ambayo majirani wangekuja kukupalilia shamba nawe uwape kinywaji. Tangu Baba mkwe afariki, shamba lile lilitegemea saga, na watu walikuja kwa sababu ya mkono wako wa kupika busaa. Unga uliochachuka niliukaanga vizuri juu ya bati. Kisha haraka ikanishika. Niliumwaga kwenye maji ukiwa bado unafuka, na kimea nikakitia papo hapo. Moto ukakiua. Ulipofunua chungu siku ya tatu, hakikuwa na povu wala harufu, na majirani walishaanza kuingia na majembe.

Ulionja, ukanitazama. Nilijua narudishwa kwetu. Ukatoka nje ukawaambia kwa Kiswahili, ili nami nisikie, "Watu yangu, mnisamehe. Leo mimi nimeharibu. Nimeweka kimea na maji bado iko moto."

Walicheka, wakapalilia nusu ya shamba kwa huruma, wakaenda zao. Nusu iliyobaki tuliimaliza mimi na wewe, na hukunigombeza hata kidogo.

Wiki iliyofuata ulinishika mkono ukautumbukiza majini. "Ikikuuma, ngoja. Ikinyamaza, weka." Ukanifundisha kukifunika chungu kwa blanketi mvua ikileta baridi, na kukisogeza kivulini jua likizidi. Siku ya mwisho, povu likitulia, ulinyunyiza konzi ya kimea kikavu kwa ajili ya harufu tu. Kazi hiyo imenisomeshea watoto, Mama. Asante. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Lakini watani hawakukusahau. Kila palizi kulikuwa na mtu wa kuuliza, "Mama, leo umepoza maji?" Ulicheka nao, na hukugeuza macho kuniangalia hata mara moja.

Siku ya mazishi yako jirani mmoja alisimama kukusifu, akaisimulia tena ile busaa iliyokataa kuumuka. Waombolezaji wote wakacheka kwa mapenzi. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, ukweli ukiwa mdomoni, nikainamisha kichwa. Nimeona haya tangu siku hiyo.

Ndiyo maana barua hii sijaifunga. Isomwe hapa Karungu, isomwe Sindo kwa dada zako, isomwe hata Migori mjini. Mama hakuwahi kuharibu busaa maishani mwake. Siku ile alikuwa sokoni. Aliyeweka kimea kwenye moto ni mimi.

Pumzika sasa, Mama, jina lako limerudi kwako.

Mkaza mwana wako,
Nyar Kuria