Nalea Biashara za Watu, Neema Analelewa Tukuyu

Geita,
Septemba 1995

Kwako mume wangu, Baba Neema,

Nakusalimu kwa mkono uliojaa vumbi jekundu. Mimi ni mzima, ila koo tu linanikwaruza. Wewe je, kifua kinasemaje na baridi ya huko? Na mama yako, goti limepoa? Na Neema wetu, bado anakataa maziwa yenye utando? Huku mvua imegoma kabisa. Juzi nilisikia harufu ya udongo uliolowa, moyo ukaruka mpaka Tukuyu. Kugeuka, kumbe ni jirani kamwaga maji aliyooshea vyombo.

Barua yako niliisoma nimesimama pale pale posta. Nilipofika ulipoandika kwamba Neema anamwita bibi yake "mama", na kwamba ulipomwonyesha picha yangu aliuliza, "Huyu shangazi ni nani?", niliurudia mstari huo mpaka karani akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana. Najua hukuandika ili kuniumiza. Ungenificha, ndipo ningekasirika.

Umeniuliza kazi yangu hasa ni ipi, maana majirani wanadhani nanunua dhahabu. Waambie sijawahi hata kuishika. Tuna ghala lililokuwa la pamba, mradi ulioniajiri umeligawa kwa mbao likawa vyumba vidogo vidogo. Mtu mwenye biashara changa, asiye na pa kufanyia wala zana, anapewa chumba. Yumo fundi cherehani, wamo akina mama wa sabuni, yumo mhunzi wa sururu. Zana kubwa wanazitumia kwa zamu, na asubuhi nawafundisha kupanga bei, kumtunza mteja, kutenga cha biashara na cha nyumbani. Biashara ikikomaa, mwenyewe anatoka, anaingia mwingine. Wao wananiita Mayu, ndiyo "mama" kwa Kisukuma. Kila kukicha, "Mwangaluka, Mayu!" Watu wazima wenye ndevu wananiita mama, nami naitikia, huku niliyemzaa hanijui.

Sasa nikusimulie habari za Mama Kulwa, maana ndizo zilizonifanya niandike kwa kirefu hivi.

Ni mama wa mapacha, mwoka mikate. Mumewe alipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akaenda Maganzo kutafuta almasi, akapotelea huko. Mikate yake ni mizuri, laini kama pamba yenyewe. Tatizo lake ni moja: muda wake wa kukaa ghalani ulikwisha, na hataki kutoka. Leo mtoto anaumwa, kesho unga haujafika, keshokutwa anaogopa mvua ambayo hata wingu lake hatujaliona. Na nje wanasubiri wazee wawili waliopunguzwa kazi, wanataka chumba watengeneze pampu za kutolea maji kwenye mashimo ya wachimbaji. Mkuu wetu wa Mwanza akaniambia waziwazi, huyo mama atoke. Nikamwita.

"Mayu, unanifukuza?"

"Sikufukuzi, Mama Kulwa. Umekomaa."

"Humu ndani nina ukuta, nina tanuri, nina wewe. Huko nje nina nini?"

Usiku wote nilimfikiria, na mwisho nikaona pa kumpeleka. Hapa mjini mikate ipo, lakini kule Rwamgasa wachimbaji ni wengi kama siafu, na mkate unaowafikia umeshakauka njiani. Nilimwambia asubuhi. Alikwenda kufunga mizigo.

Tulimpeleka kwa gari la mradi, na unga wake na makopo yake ya kuokea. Wanawake wa kule walimsaidia kujenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakaliacha likauke. Siku ya kuoka nilirudi kumwona. Ee mume wangu, moto ulikuwa mkali mno! Mikate ilitoka imeungua nje, ndani ni mibichi. Wachimbaji walikuwa wamekwisha jipanga, matope mpaka kwenye nyusi. Mmoja akaumega mkate, akautazama, akasema kwa sauti, "Mama, hii ni mikate au magwangala?" Magwangala ni yale mawe ya mabaki wanayoyatupa. Basi watu walicheka, na kicheko kikafuata mstari mpaka mwisho. Wakatawanyika.

Nilishuka garini nikakunja mikono ya gauni, niende kwenye tanuri mwenyewe. Mama Kulwa akanishika kifundo cha mkono.

"Mayu, usinisaidie. Ukinisaidia leo, kesho nitakutafuta tena. Nenda."

"Nikuache hivi?"

"Niache hivi hivi."

Nikapanda gari. Dereva wetu, Mzee Masanja, aliondoa gari bila kuuliza. Niligeuka nimpungie, lakini alikuwa ameinama anakwangua majivu, hana habari na sisi. Nililia njia nzima. Mzee Masanja alidhani ni kwa ajili ya mikate, akawa ananibembeleza, "Mikate si kitu, mama, mikate huokwa tena." Mimi nilikuwa nimerudi stendi ya Tukuyu, asubuhi ile ya ukungu, Neema amelala mgongoni kwa mama, nami nashukuru kwamba amelala, asinione nikiondoka.

Zikapita siku nyingi bila neno. Halafu wiki iliyopita lori la mkaa likasimama mbele ya ghala, akashuka Mama Kulwa na kapu kichwani. Amependeza, amenenepa kidogo. Aliniambia alikuja kujua kwamba tanuri la kichuguu huokewa baada ya kuondoa kuni zote, kwa joto lililobaki tu. Sasa amechukua wanawake wawili wa kumsaidia, na unga anaununua mwenyewe kwa mfanyabiashara mmoja Mhindi mwenye duka karibu na soko la hapa mjini. Alichungulia kilichokuwa chumba chake, wazee wa pampu wanagonga mabati, akaziba masikio huku anacheka.

Siku hiyo nami nilikuwa na habari yangu. Mkuu alitaka niende Chato nikafungue kituo kingine, mkataba mpya, cheo kikubwa zaidi. Nikamweleza Mama Kulwa kwa majivuno kabisa. Akanitazama.

"Na wewe, Mayu, muda wako wa kutoka ni lini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mimi ulinipa tarehe. Wewe kakupa nani?"

Magari ya kampeni yalikuwa yanapita barabarani na vipaza sauti vyao, nami nikajifanya nayatazama.

Chato nimeikataa. Mkuu amenuna, amesema nafasi kama hiyo haiji mara mbili, na huenda anasema kweli. Lakini amekubali niondoke nikishamfundisha atakayeshika nafasi yangu. Krismasi, Mungu akipenda, nitakuwa nyumbani. Nakuja bila kazi, Baba Neema, ujue hivyo mapema. Tutaishi kwa mshahara wako wa ualimu kwanza. Ila ukipita karibu na stoo za zamani za chama chetu cha ushirika, hebu angalia kama kuna moja imebaki tupu.

Jambo moja nakuomba. Nikifika, usimlazimishe Neema kuniita mama. Usimsukume aje anikumbatie. Mwambie kuna mgeni anakuja kukaa. Nitamenya naye ndizi, nitamsikiliza, nitangoja. Kungoja nimekuzoea huku.

Wasalimie wote: shemeji yangu mwenye ng'ombe, na yule jirani yetu anayetuletea viazi, umwambie ndaga fijo kwa kutusaidia. Wadogo zangu wa Kyela wakipita wape habari zangu, ila lililonikuta posta usiwaambie.

Mama mpe shikamoo yangu kabla hujamweleza lolote. Halafu kaa naye karibu na moto, umwambie taratibu kwamba siji kumnyang'anya mtoto. Nakuja ili Neema awe na mama wawili.

Ni mimi mkeo akutamaniye,
Mama Neema